Kitanda, Posho na Alama: Historia Fupi ya Wanafunzi Wateule na Wanafunzi wa Kawaida Katanga

1. Utangulizi

Katika darasa moja tunalolisimamia kwa mazoezi hapa Likasi walikuwamo wanafunzi wawili waliofaulu mtihani wa Serikali kwa asilimia zilizolingana. Wa kwanza alipata ufadhili wa wanafunzi bora: alilipiwa ada yote, akapewa fedha za chakula, na akapangishiwa chumba karibu na chuo, chenye meza na taa. Wa pili aliandikishwa kwa njia ya kawaida. Aliishi Kikula kwa mjomba wake, katika nyumba yenye watu tisa, na daftari lake alilifungua baada ya wengine kulala, umeme ukiwapo. Mwaka ulipokwisha, wa kwanza alifaulu kwa distinksio. Wa pili alirudishwa katika awamu ya pili ya mitihani akiwa na masomo manne. Tulipokuwa tukijumlisha alama, mwenzetu mmoja alisema, kwa kuridhika, kwamba waliotoa ufadhili walijua kuchagua.

Kauli hiyo ndiyo iliyozaa makala haya. Je, ufadhili uliigundua akili iliyokuwapo, au uliisaidia ionekane? Na kama uliisaidia, je, yule wa Kikula alipimwa kwa kipimo kile kile? Si swali jipya. Tukiitazama historia ya elimu ya juu katika Katanga na katika nchi jirani, tunaona kwamba tangu mwanzo mteule alitofautishwa na mtu wa kawaida kwa vitu viwili vinavyoshikika: mahali pa kulala na chakula. Alama zilikuja baadaye, zikatumiwa kuhalalisha vitu hivyo viwili.

Tutaanza na maana ya uteule huo nje ya Afrika, kisha tutaingia katika kambi za kampuni na seminari za zama za ukoloni, tufuate vyuo vikuu tangu 1954 hadi mporomoko wa miaka ya 1990, na tumalizie na yale ambayo lugha ya wanafunzi wenyewe inatufundisha.

2. Uteule katika vyuo vya Marekani

Vyuo vikuu vingi vya umma vya Marekani vina ndani yake chuo kidogo cha wanafunzi bora. Aliyekubaliwa humo husoma shahada ile ile na hutunukiwa na chuo kikuu kile kile, lakini huishi katika bweni lililotengwa, husoma katika madarasa madogo, hujiandikisha katika masomo kabla ya wengine, na huwa na mshauri wake. Mara nyingi hutakiwa kuandika tasnifu kabla ya kuhitimu.

Mtindo huu hutajwa kuwa na chimbuko lake Swarthmore, katika jimbo la Pennsylvania. Huko Frank Aydelotte, ambaye alikuwa amesoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alianzisha mwaka 1922 mpango wa masomo ya heshima: semina ndogo, kazi ya kujitegemea, na watahini waliotoka nje ya chuo. Baadaye vyuo vikubwa vya umma viliufuata kwa namna yao. Chuo Kikuu cha Oregon kilifungua chuo chake cha heshima mwaka 1960. Kile cha Jimbo la Arizona (Arizona State) kilifuata mwaka 1988.

Hapa pana jambo la kuangalia. Swarthmore kilikuwa chuo kidogo cha bweni. Aliyekuwa katika mpango wa heshima na asiyekuwamo walikuwa wakiishi maisha yanayofanana. Waliachana katika uzito wa kazi. Mtindo ulipohamia katika vyuo vyenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, tofauti ya kazi iliongezewa tofauti ya makazi. Hapo ndipo alama zilipoanza kununua kitanda, na kitanda kikaanza kusaidia kuleta alama. Sisi katika Katanga tuliufikia mzunguko huo kwa njia nyingine, na tuliufikia mapema.

3. Kambi, kadi na seminari

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville tangu 1931 hadi 1966, ulijengwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea kwanza vibarua wa mikataba mifupi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake: ikamtaka mfanyakazi akae miaka, aje na mkewe, azae watoto kambini. Ili kumtuliza, kampuni ilimpa nyumba, matibabu, shule ya watoto, na posho.

Neno hili posho linastahili kusimamisha msomaji kidogo. Katika Kiswahili cha misafara lilikuwa chakula alichogawiwa mpagazi njiani. Katika kambi za migodi likawa mgawo wa unga, mafuta na samaki wa juma. Lilipoingia katika Kilingala likaja kuwa jina la juma lenyewe. Watu waliohesabu siku zao kwa mgawo wa chakula hawakukosea katika kulipanua neno. Waliishi hivyo hivyo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi hao, anawaita Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Aliyeishi Panda au Shituru kambini alikuwa na baba huyo. Aliyeishi mjini nje ya kambi hakuwa naye. Huo ndio mgawanyiko wa kwanza kati ya wateule na wa kawaida uliojulikana na watoto wa hapa, nao ulikuwa mgawanyiko wa nyumba na unga kabla ya kuwa wa kitu kingine.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na uteule wake. Mwaka 1948 ilianzisha kadi ya sifa ya kiraia kwa Waafrika walioonekana kuwa wamestaarabika, na mwaka 1952 ikaongeza utaratibu wa kuwaandikisha katika daraja la juu zaidi. Mwombaji alichunguzwa mpaka nyumbani kwake. Wakaguzi waliangalia vyumba, vyombo, mavazi, na jinsi mke na watoto walivyokaa. Kwa maneno mengine, nyumba ilikuwa ushahidi wa sifa. Aliyekuwa na meza na viti alionekana kuwa na akili ya meza na viti. Waliofuzu walikuwa wachache mno, na hakuna aliyewauliza wengine kwa mshahara gani wangenunua viti hivyo.

Njia ya tatu ilikuwa seminari. Shule za sekondari zilipokuwa haba, seminari ndogo za wamisionari zilikuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo kijana Mwafrika angeweza kupata elimu ya kina, tena akiwa bwenini mwaka mzima. Mfano mashuhuri ni wa V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa hapa Jadotville mwaka 1941. Akiwa bado mtoto aliingizwa katika seminari ya Wabenediktini, akafundishwa Kilatini na Kigiriki, akaishi baadaye katika monasteri nchini Rwanda, akapata lisansi yake Lovanium na udaktari wake Louvain mwaka 1970. Alifundisha Lubumbashi na kuwa mkuu wa kitivo cha fasihi, akaondoka nchini takriban mwaka 1980, akafundisha Marekani kwa muda mrefu, na kufariki huko mwaka 2025. Hatuna nia ya kuipunguza akili ya mwana huyu wa Likasi. Tunasema tu kwamba akili hiyo ilipewa kitanda, taa, vitabu na ratiba tangu utotoni. Watoto wengine waliozaliwa mwaka ule ule katika mji ule ule hawakupewa, na kwa hiyo hatuwezi kujua walichokuwa nacho.

Tuongeze kwamba njia hiyo ilikuwa ya wavulana. Msichana hakuwa na seminari. Ndiyo maana ilibidi kungoja hadi mwaka 1964 ndipo Sophie Kanza awe mwanamke wa kwanza Mkongo kupata shahada ya chuo kikuu nchini, pale Lovanium.

4. Wakati ambapo wote walikuwa wateule

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima Amba, nje ya Léopoldville, kikiwa na wanafunzi wapatao thelathini. Chuo Kikuu Rasmi kilifuata Élisabethville mwaka 1956, na wanafunzi wake wa mwanzo wengi walikuwa Wazungu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika thelathini.

Katika idadi ndogo kama hiyo hapakuwa na haja ya kutofautisha wateule na wa kawaida ndani ya chuo, kwa sababu kuingia chuoni kwenyewe kulikuwa uteule. Mwanafunzi wa Lovanium alikuwa na chumba, mkahawa, maktaba na bursi. Aliishi mlimani, mbali na mitaa ya jiji, katika hali ambayo mzazi wake hakuwahi kuiona. Bursi haikuwa zawadi ya mwenye alama za juu. Ilikuwa sehemu ya kuwa mwanafunzi, kama daftari.

Hali hiyo haikuwanyamazisha wanafunzi. Mwezi Machi 1964 waligoma Lovanium wakidai sauti katika uendeshaji wa chuo. Tarehe 4 Juni 1969 waliandamana Kinshasa, na miongoni mwa madai yao ilikuwa bursi iliyoendana na bei za sokoni. Jeshi likafyatua risasi na wanafunzi wakauawa. Walipokumbuka siku hiyo mwaka 1971, utawala wa Mobutu ulikifunga chuo na kuwaingiza wanafunzi wa Lovanium jeshini. Mwezi Agosti mwaka huo huo vyuo vikuu vitatu vya nchi, cha Kinshasa, cha Lubumbashi na cha Kisangani, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Taifa, yaani UNAZA.

Muungano huo mara nyingi huelezwa kisiasa tu. Kwa mada yetu una matokeo mengine. Vitivo viligawanywa kati ya miji mitatu: sheria, uchumi na utabibu Kinshasa, fasihi na sayansi za jamii Lubumbashi, ualimu na saikolojia Kisangani. Kijana wa Kinshasa aliyetaka kusoma isimu ilimlazimu aje Lubumbashi, safari inayozidi kilomita 1,500 kwa ndege na zaidi sana kwa reli na mto. Kijana wa Likasi aliyetaka sheria alikwenda Kinshasa. Serikali iliyowahamisha wanafunzi hivyo ilijifunga yenyewe kuwalaza na kuwalisha, maana hawakuwa na mjomba katika mji waliopelekwa. Kwa muda wa miaka kumi kitanda cha bwenini kilikuwa nguzo ya mfumo mzima. Kilipotetereka, mfumo nao ulitetereka.

5. Kuporomoka

Mwaka 1981 UNAZA ilivunjwa na kila chuo kikuu kikarudishiwa utawala wake, lakini wanafunzi walizidi kuongezeka huku hazina ikipungua. Chini ya mipango ya kurekebisha uchumi ya miaka ya 1980 bursi ililipwa kwa kuchelewa, kisha kwa thamani ndogo, kisha ikawa jina tu. Mwaka 1989 Serikali iliruhusu vyuo vikuu vya watu binafsi na vya makanisa, na hapo elimu ya juu ikaanza waziwazi kubebwa na wazazi.

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 mabweni ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi yalivamiwa na wanafunzi wakashambuliwa humo. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo: Serikali ilikiri mmoja, wengine walitaja makumi, wengine zaidi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa na uhusiano wake na Kinshasa ukavunjika. Hatutaki kuutumia msiba huo kama pambo la hoja. Lakini mwanahistoria wa makazi ya wanafunzi hawezi kuupita. Bweni lilikuwa limewakusanya wana wa mikoa yote chini ya paa moja. Usiku ule paa hilo halikumkinga mtu. Wazazi wengi baada ya hapo hawakutaka tena kupeleka mtoto mbali.

Kwetu Likasi mapigo yalifuatana. Shaba ya Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière baada ya kutaifishwa, ilishuka kutoka zaidi ya tani 450,000 mwaka 1986 hadi takriban tani 30,000 mwaka 1994. Mwaka 1992 Wakasai walifukuzwa, na maelfu yao walilala katika kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi na walimu wao. Mwaka 2003 Gécamines iliwaachisha wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba wa Bana Shaba alikuwa ameondoka, na posho pamoja naye. Mtoto wa Panda na mtoto wa Kikula wakawa sasa sawa, kwa maana ya kwamba wote hawakuwa na kitu.

6. Makizari, pairati na kubebana

Ni katika miaka hiyo ya uhaba ambapo lugha ya wanafunzi ilizaa maneno tunayoyaona kuwa hati za kihistoria kamili kuliko taarifa nyingi za ofisi. Katika mabweni ya Lubumbashi na Kinshasa mwanafunzi asiye na chumba kilichoandikishwa kwa jina lake, anayelala katika chumba cha mwenzake, huitwa makizari. Ni neno la Kifaransa lililowataja wapiganaji waliojificha porini. Mwenye chumba rasmi anajulikana na utawala. Makizari hajulikani, ingawa analipa minervali ile ile, anafanya mitihani ile ile, na aghalabu huchangia chakula cha chumba.

Nairobi mtu wa namna hiyo huitwa pairati, yaani haramia wa baharini. Dar es Salaam hawana jina la mtu. Wana jina la tendo. Husema wanabebana.

Tukiyalinganisha maneno haya matatu tunapata mitazamo miwili. Kongo na Kenya zimempa jina mtu, na jina lenyewe ni la mhalifu: wa kwanza amekimbilia porini, wa pili anapora baharini. Tanzania imelipa jina tendo la pande mbili, maana mtu hawezi kubebana peke yake. Hatudai kwamba wanafunzi wa Dar es Salaam ni wema kuliko wa Lubumbashi. Pale Lubumbashi nako mwenye chumba humpokea makizari kwa hiari, mara nyingi kwa sababu ni mtu wa kwao. Tunachosema ni kwamba jina la makizari limeuhamisha mzigo. Kosa la chuo lisilojenga vyumba limekuwa kosa la kijana asiye na chumba.

Mwandishi wa makala haya alikuwa makizari kwa miaka miwili. Tulikuwa watano katika chumba cha watu wawili. Tulisoma kwa zamu juu ya meza moja na kulala kwa zamu juu ya godoro la chini. Mwenye chumba alipofaulu vizuri tulimpongeza kwa moyo. Hakuna aliyejiuliza alifaulu kwa alama ngapi za akili na ngapi za godoro.

7. Majirani walivyolitatua jambo hili

Makerere, kilichoanza mwaka 1922, kilikuwa na desturi ya mabweni yenye nguvu sana. Mwanafunzi alijitambulisha kwa jina la bweni lake kama mtu anavyojitambulisha kwa ukoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chuo kilianza kuwapokea wanafunzi wanaojilipia, na kufikia mwisho wa miaka hiyo walikuwa wengi kuliko wale wa Serikali. Hapo ukatokea mgawanyiko ulio karibu kabisa na ule wa Marekani: mwanafunzi wa Serikali, aliyechaguliwa kwa alama, alipewa nafasi bwenini na chakula, au fedha badala yake, wa kujilipia alitafuta chumba Wandegeya au Kikoni. Walikaa benchi moja wakisikiliza somo moja. Mahmood Mamdani ameichambua hali hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2007 juu ya Makerere iliyogeuzwa soko.

Tanzania ilipita njia nyingine. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana mwezi Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu mia nne, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Ujumbe wake ulikuwa kwamba msomi na kiongozi wote wanakula jasho la mkulima. Hata hivyo miaka ya 1990 ilileta uchangiaji wa gharama huko pia, na tangu 2005 Bodi ya Mikopo ndiyo inayompa mwanafunzi fedha za chakula na malazi, zile anazoziita bumu. Mwaka 2017 yalizinduliwa mabweni mapya ya Dar es Salaam yenye nafasi 3,840. Mkopo wa Tanzania, tofauti na ufadhili wa Makerere wa zamani, hutazama hali ya familia. Kuna malalamiko mengi juu ya jinsi hali hiyo inavyopimwa, lakini swali linaloulizwa ni tofauti: haliulizi tu mwanafunzi amepata ngapi, linauliza pia ametoka wapi.

8. Uteule uliorudi

Nchini kwetu, katika miaka ya karibuni, ufadhili umerudi kwa sura mpya. Mpango wa Excellentia wa mfuko wa Denise Nyakeru Tshisekedi hugharimia masomo ya vijana waliopata asilimia za juu sana katika mtihani wa Serikali. Ufadhili wa BEBUC, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa profesa Gerhard Bringmann wa Würzburg na profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, huwasaidia wanafunzi bora wa vyuo mbalimbali. Hizi ni kazi njema. Kijana aliyepata msaada huo hakumnyang'anya mtu, na nchi iliyokosa bursi kwa kizazi kizima haina haki ya kuudharau.

Hatari iko kwingine. Bursi ya zamani ilimfikia kila aliyeingia, na kwa hiyo haikuweza kutumiwa kama kipimo cha akili. Ufadhili wa leo huwafikia wachache walio katika darasa moja na wengi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kusahau kwamba wawili hao hawakusoma katika hali moja. Tukisahau, tutarudi kwa wakaguzi wa mwaka 1952 waliohesabu viti vya mwombaji na kuandika kwamba wamehesabu sifa zake.

Kwa Likasi jambo hili si la nadharia. Lubumbashi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa. Familia nyingi haziwezi kulipia chumba huko, na ndiyo maana vyuo vya hapa nyumbani, pamoja na Chuo Kikuu cha Likasi, vimejaa watoto ambao zamani wangekuwa makizari au wasingesoma kabisa. Mtoto wa namna hiyo analala kwao, na hilo ni jema. Lakini kwao hakuna meza.

9. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika Katanga kitanda na posho vilitangulia alama. Kambi ya kampuni, kadi ya kikoloni, seminari, Lovanium na UNAZA vilimpa mtu makazi kwanza, kisha vikavuna matunda ya makazi hayo na kuyaita ubora. Miaka ya 1990 iliyaondoa makazi lakini haikuondoa mazoea ya kuita hivyo.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni la utawala. Pale ambapo hatuwezi kujenga mabweni, tunaweza kufungua chumba kimoja cha kusomea chenye meza na umeme wa jua hadi saa nne usiku, kwa kila aliyeandikishwa, mwenye ufadhili na asiye nao. Gharama yake ni ndogo kuliko ya vyumba vichache vya kupangisha, nacho kingempa yule wa Kikula kitu ambacho mwenzake amekuwa nacho mwaka mzima. Na wanaopanga ufadhili waangalie, pamoja na asilimia, mwombaji analala wapi na na wangapi.

La pili ni la watafiti wenzetu. Historia ya vyuo vyetu imeandikwa kwa kufuata amri za Serikali na majina ya marekta. Historia ya makizari haijaandikwa, na wale wa miaka ya 1980 na 1990 wanazeeka. Wengi wao leo ni walimu, wahandisi na mahakimu, na majina yao hayamo katika daftari lolote la mabweni. Tuwaendee tuwaulize walilala wapi.

Kuhusu wanafunzi wetu wawili, yule wa pili alifaulu katika awamu ya pili masomo matatu kati ya manne, na ameingia mwaka wa pili akiwa na deni la somo moja. Jina lake halimo katika orodha yoyote ya wanafunzi bora.